Baba aliyekataa floraidi

Fomu ya ridhaa ilirudi shuleni imekunjwa mara nne. Chini, mahali pa sahihi ya mzazi, palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: SIKUBALI. FLORAIDI IMETUTOSHA.

Shule yenyewe ni ya msingi, iko upande wa mashariki wa Mlima Meru, mkoani Arusha, na mtoto aliyeibeba fomu hiyo ni binti wa darasa la pili. Timu ya afya ya kinywa na meno ilikuwa inapita shule za msingi za kata ile kukagua meno na kuwapaka watoto vanishi ya floraidi, utando mwembamba wenye madini ya floraidi unaokinga meno yasioze. Kwa kuwa safari ilikuwa moja, ikaamuliwa dawa za minyoo zigawiwe siku hiyo hiyo. Huduma zote ziliandikwa kwenye karatasi moja na kuwekewa kisanduku kimoja cha kutia alama. Mzazi akubali yote au akatae yote.

Baba akakataa yote. Jina la binti likaingia kwenye orodha, orodha ikafika zahanati, na kwenye daftari la ufuatiliaji mtu akaandika "mzazi mkaidi". Wiki iliyofuata mtendaji wa kijiji akamwita ofisini. Mbele ya watu waliokuja na shida zao nyingine, aliulizwa kwa nini anamzuia mtoto asitibiwe, akaambiwa sheria ipo na polisi wapo. Alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akaondoka bila kujibu.

Kilichofuata ndicho kilichokifanya kisa hiki kiwe kizito. Binti ana mdogo wake wa kiume, ambaye wakati ule alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Kadi yake ya kliniki ilikuwa safi, chanjo zote zimo: BCG, polio, pentavalenti, nimonia, rota, surua-rubella ya miezi tisa, yote kwa tarehe zake. Baada ya siku ile ya ofisini, mama hakuonekana tena kliniki. Mtoto alitimiza miezi kumi na minane bila kupata dozi ya pili ya surua-rubella. Desemba ikapita bila matone ya vitamini A wala dawa ya minyoo. Mama alipokutwa sokoni na mhudumu wa afya ngazi ya jamii alisema maneno machache tu: "Mume wangu alidhalilishwa. Mimi nitakwendaje pale?"

Mimi ni tabibu wa meno. Niliombwa nifuatane na muuguzi wa zahanati kwenda nyumbani kwa familia hii, na nimebadilisha mambo madogo madogo humu ili isitambulike. Naandika kwa sababu visa vya namna hii, kwenye semina zetu na hata kwenye mazungumzo ya kawaida, huwekwa kapu moja la "wazazi wanaokataa huduma", kisha mjadala unahamia kwenye namna ya kuwabana. Familia hii ilikuwa imekataa, au imeacha, mambo manne: vanishi ya floraidi, dawa ya minyoo, chanjo na vitamini A. Kila moja lina uzito wake na sababu yake. Aliyeyaweka kwenye fungu moja ni sisi watu wa afya, tangu pale tulipochapa kisanduku kimoja.

Tulivyopokelewa

Muuguzi ni mama wa makamo anayekaribia kustaafu, na nusu ya vijana wa kijiji kile aliwapima uzito mama zao walipokuwa wajawazito. Tulipofika, baba aliinuka. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Mnaendeleaje hapa?" Akatupa viti, mama wa nyumba akaja kutusalimia, akasimama mlangoni na mtoto mgongoni.

Muuguzi hakutaja chanjo. Aliomba maji ya kunywa.

"Ya bomba au ya mvua?" baba akauliza.

Swali hilo lilikuwa limebeba kisa chote. Pembeni mwa nyumba kulikuwa na pipa la bluu chini ya mfereji wa bati, limefunikwa kwa ubao na jiwe juu yake. Maji ya pipa hilo yalikuwa ya uji wa mtoto na ya kunywa watoto, mpaka yanapokwisha. Kiangazi kikikaza, wote wanarudi kwenye bomba. Na bomba lile baba analijua kuliko yeyote kati yetu, kwa sababu ni fundi bomba, mjumbe wa chombo cha watumia maji cha kijiji, na karatasi ya vipimo vya chanzo chao ameisoma kwa macho yake. Floraidi ni miligramu 5 na kidogo kwa lita.

Alizungumza akiwa amekaza midomo, kama wanavyozungumza watu wengi wa huku. Alipochangamka ndipo nikayaona meno: ya mbele yote ni ya kahawia iliyokoza, yana vishimo, na moja limemeguka pembeni. Mdogo wake, alisema, ana miguu iliyopinda tangu utoto.

"Daktari," akaniambia, "mabomba ya kijiji hiki nimeyafunga mimi. Shuleni nilifundishwa kwamba kilichotuharibu ni floraidi. Wageni wanakuja kupima, wanasema floraidi. Leo binti yangu analetewa floraidi kwenye brashi, niambiwe ni kinga. Mngekuwa nyinyi mngekubali?"

Kuna jambo jingine tuliloelezwa na mama baadaye, na kwangu mimi lilibadilisha kabisa maana ya lile neno "mkaidi" kwenye daftari. Mtoto wa kiume alipokuwa na miezi sita alishikwa na homa na kuharisha. Bibi mmoja wa upande wa mama akasema ni meno ya plastiki, akataka aitwe mtu wa kuyatoa. Wasomaji wa Tanzania wanajua ninachozungumzia: fizi ya mtoto mchanga huchokolewa kwa spoku ya baiskeli, msumari au kisu mpaka vijino laini vya chonge vinavyojengeka mle ndani vitoke, na watoto wamekufa kwa kutokwa damu, pepopunda na maambukizi ya damu. Baba alisimama mlangoni akakataa. Ukoo ukamnunia. Usiku ule ule akampeleka mtoto zahanati, akapewa chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki, akapona. Msimamo ule ule uliomwokoa mtoto na spoku ndio uliorudisha fomu imekunjwa mara nne.

Alipo sahihi

Nianze hapa, maana ni pakubwa, na wengi wetu tunaofanya kazi huku hatupataji waziwazi mbele ya wazazi.

Mlima Meru ni volkano, na miamba na majivu yake vina floraidi nyingi inayoyeyukia kwenye maji ya chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu mpaka miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu kiwango cha chini ya hapo kingeviacha vijiji vingi bila chanzo halali hata kimoja. Baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5. Baba huyu alizaliwa na kukua katika enzi ya 8. Maji yaliyoyapaka meno yake rangi ile yalikuwa, kwa karatasi za serikali, maji yanayofaa kunywewa. Mtu wa historia hiyo akiambiwa "wataalamu wamethibitisha ni salama", ana haki ya kuuliza ni wataalamu gani.

Sayansi yake nayo aliijua vizuri kuliko alivyodhaniwa. Floraidi iliyozidi huharibu jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya. Tabaka gumu la nje halikomai sawasawa. Jino linachomoza na mistari myeupe kama chaki au vishimo, na rangi ya kahawia huingia baadaye. Mifupa pia huathirika floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi. Meno ya mbele ya ukubwani ya yule mtoto wa kiume, aliyekuwa mgongoni kwa mamake, yanajengwa sasa hivi, na miezi hii aliyonayo ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa meno yale mawili ya juu ya katikati ambayo kila mtu huyaona mtu anapocheka.

Hata kwenye dawa ya meno ana hoja. Dawa nyingi za dukani zina kati ya miligramu 1 na 1.5 za floraidi kwa kila gramu. Mtu akiijaza brashi yote kama kwenye matangazo, hiyo ni kama gramu nzima, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui kutema, anameza. Mara mbili kwa siku, juu ya maji yale! Ushauri wa kawaida ni kipande kidogo kama punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kama punje ya njegere kuanzia mitatu hadi sita, na mzazi ndiye aweke. Kwa nyumba inayokunywa maji ya miligramu 5, binafsi sina ugomvi na mzazi anayemsafisha mtoto wa umri huu kwa mswaki laini na maji matupu mpaka ajue kutema. Ushauri huo hauhamishiki kwenda mahali ambako maji hayana shida hii. Huko, kumnyima mtoto dawa ya meno yenye floraidi ni kumpunguzia kinga aliyonayo.

Alipokosea

Vanishi ni jambo tofauti, na hakuna aliyekuwa amekaa naye kumpa hesabu. Nilimpa kwenye daftari lake la kazi, kwa kalamu yake.

Vanishi ya kawaida ina floraidi nyingi kwa ujazo wake, karibu miligramu 22.6 kwa mililita. Ukiitaja namba hiyo peke yake inatisha. Lakini kwa mtoto mdogo hutumika kama robo mililita, ambayo ni miligramu 5 hadi 6 hivi, na hupakwa mara mbili kwa mwaka. Hushika kwenye jino mara tu inapokutana na mate, kisha hubanduka polepole. Tuseme mtoto ameimeza yote. Kiasi hicho ni sawa na lita moja ya maji ya bomba lao, na lita hiyo binti yake huinywa kila siku ya kiangazi, shuleni na nyumbani, achilia mbali chai.

Aliitazama hesabu ile kwa muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo tatizo langu liko kwenye bomba, haliko kwenye brashi yenu." Ndivyo. Na binti ana miaka minane: meno yake ya mbele ya ukubwani yameshatoka, yameshamaliza kujengwa, na floraidi ya kupakwa leo haiwezi kuyatia doa ambalo hayana.

Hapo pia ndipo tulipogundua mianya ambayo yeye mwenyewe alikuwa haijui. Maji ya bomba yalikuwa yanachemshwa nyumbani kwa uaminifu mkubwa, kwa imani kwamba moto unaondoa kila kibaya. Kuchemsha huua vijidudu, na waendelee kuchemsha. Floraidi haitoki, na maji yakipungua sufuriani kiasi chake kwa lita kinapanda. Dawa ya klorini nayo haigusi floraidi. Makande yalikuwa yanapikwa kwa magadi ili maharage yaive upesi, na magadi yenyewe yana floraidi. Chai ya rangi, ambayo watoto walikuwa wanapewa asubuhi na jioni, ina floraidi ya majani juu ya floraidi ya maji. Mama alisikiliza habari ya magadi akashika kiuno. "Hilo la magadi mbona kliniki hawajawahi kusema?" Sikuwa na jibu zuri la kumpa. Mabango yaliyobandikwa pale zahanati ni yale yale yanayobandikwa kila mahali nchini.

Mdomoni mwa binti

Nikamwomba baba ruhusa nimtazame binti meno, kutazama tu, bila kupaka chochote. Akakubali. Binti akakaa kwenye kigoda mlangoni penye mwanga, nikatoa kioo changu kidogo.

Meno ya mbele yalikuwa na mistari ya chaki na doa la kahawia upande mmoja, hali nyepesi ukilinganisha na babake. Lile pipa la mvua limefanya kazi yake. Nyuma hali ilikuwa mbaya zaidi. Magego mawili ya utoto yalikuwa yametoboka, na magego mawili ya chini ya ukubwani, yale yanayochomoza mtoto akiwa na miaka sita bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo wazazi wengi hudhani nayo ni ya utoto, yalikuwa yameanza kulainika kwenye mifereji yake.

Baba alishtuka kweli. Alikuwa anaamini, kama watu wengi wa Arusha, kwamba meno ya kahawia ni mabaya kwa macho lakini hayaozi. Floraidi kidogo huyapa meno nguvu dhidi ya kuoza. Ikizidi mpaka jino likawa na vishimo, chakula kinapata pa kujificha, na sukari haina cha kuogopa. Na sukari ilikuwepo ya kutosha: chai asubuhi, biskuti na juisi za pakiti kwenye kibanda kinachotazamana na geti la shule. Kwa binti huyu hatari iliyoko mbele ni kuoza kwa magego manne, na fomu iliyorudi shuleni ilikuwa imemfungia pia mlango wa kukaguliwa, ambao hauna tone la floraidi ndani yake.

Tiba niliyoipendekeza ilikuja na mtihani wake. Kuna namna ya kuziba meno bila umeme wala mashine ya kuchimba: sehemu iliyooza inakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu na mifereji ya karibu hujazwa saruji maalumu inayoshikana na jino. Njia hii ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na kiti cha meno wala umeme, na leo inatumika duniani. Kwa mtoto mwoga ni nzuri sana, hakuna mlio, na mara nyingi hakuna sindano. Lakini saruji yake hutoa floraidi kidogo kidogo.

Mwenzangu mmoja, nilipomsimulia baadaye, alisema angenyamaza. Mzazi amekubali kuziba, jino linaokolewa, ya nini kumtajia neno ambalo linamkera? Sikubaliani naye hata kidogo. Huyu ni mtu ambaye mgogoro wake wote ni kuletewa floraidi bila kuambiwa ukweli wake. Ningenyamaza, kisha akaja kusoma kwenye simu yake, asingepoteza imani na mimi tu; ile chanjo ambayo muuguzi alikuwa hajaitaja bado ingekwenda na maji. Nikamwambia.

"Anaimeza?" akauliza.

"Kiasi kidogo sana. Nyingi inabaki kwenye jino lenyewe na jirani yake."

Akatafakari, akamtazama mkewe, mke akaitikia kwa kichwa. "Ziba hayo mawili ya ukubwani. Ya utoto tutazungumza." Tukapanga siku, na siku hiyo alimleta mwenyewe. Ya utoto aliyakubali pia, baada ya binti kurudi nyumbani akila kwa upande ambao awali ulikuwa haugusiki.

Vanishi alikataa. Hata baada ya hesabu. "Nimeelewa, ila subiri kwanza maji yangu yatengemae." Nikakubali, na ninaona ni uamuzi halali wa mzazi. Faida ya vanishi ipo na ni ya kweli. Kwa binti huyu, magego yakiwa yameshazibwa, sukari ikipunguzwa na mswaki ukisimamiwa jioni, hasara ya kuikosa haimweki kwenye hatari inayonipa haki ya kumpita baba yake. Ushahidi umetolewa, ameupima, amechagua tofauti na ambavyo ningechagua mimi. Daftari lake linasema "hajakubali vanishi, amekubali kuziba na kukaguliwa". Ni maelezo marefu kuliko "mkaidi", na yanamsaidia atakayekuja baada yangu.

Chanjo

Kwa dozi ya pili ya surua-rubella nina msimamo mwingine kabisa.

Surua ni katika magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kubwa kuliko yote tunayoyajua. Mgonjwa mmoja kati ya watu wasio na kinga huweza kuambukiza 12 hadi 18. Dozi ya miezi tisa ni ya lazima kwa sababu watoto wetu hupata surua mapema, lakini kwa umri huo watoto kama 15 kati ya 100 haiwashiki. Dozi ya miezi kumi na minane ndiyo inayowaokota hao, na hakuna anayeweza kumtazama mtoto akajua yuko kundi gani. Surua huleta nimonia, huharisha, hupofusha macho ya mtoto mwenye upungufu wa vitamini A, na huua. Mzazi akikataa vanishi, athari inakaa mdomoni mwa mwanawe. Akikataa chanjo hii, kuna mtoto wa jirani wa miezi saba ambaye bado hajafikia umri wa kuchanjwa.

Sheria nayo inatofautisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inapotaja wajibu wa mzazi wa kumtunza mtoto, kwenye matibabu inaitaja chanjo kwa jina. Vanishi haimo. Mtendaji aliyesema "sheria ipo" alikuwa na sheria ya kweli mkononi, akaitumia kwenye jambo ambalo siyo, na mtoto aliyehusika na sheria ile hasa alikuwa mwingine, mgongoni kwa mamake, na kadi yake wakati ule ilikuwa haina pengo.

Muuguzi alilifikia jambo hili mwishoni kabisa, tulipokuwa tumekwisha kuaga. "Mwanangu, huyu bwana mdogo ana sindano yake moja imebaki. Na matone yake."

"Na hiyo ina floraidi?"

Nilimpenda muuguzi yule kwa jinsi alivyojibu swali hilo. Hakucheka, hakuguna. Alisema, "Haina. Njoo Jumanne nikuonyeshe kichupa kabla sijakifungua." Jumanne walikuja wote wawili, baba na mama. Alimwonyesha kichupa chenyewe cha unga, maji yake ya kuchanganyia, na kile kialama cha duara chenye mraba katikati ambacho hubadilika rangi chanjo ikipata joto kupita kiasi. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Baba, mtu wa mita na valvu, alikishika akakigeuza kwenye mwanga, akauliza inachukua joto gani mpaka ibadilike, akajibiwa. Mtoto akachomwa, akalia kidogo. Kidonge chekundu cha vitamini A kikakatwa ncha kwa mkasi, kikakamuliwa mdomoni. Dawa ya minyoo ikafuata, na binti naye akapewa ya kwake. Kumbe dawa ya minyoo haikuwa na ubishi wowote tangu mwanzo. Ilikataliwa kwa sababu ilichapwa kwenye karatasi ile ile.

Nimeulizwa: je, kama wangekataa chanjo hata baada ya hayo yote? Ningerudi. Ningemtafuta mtu anayeaminiwa na familia, mchungaji wao au yule mwenyekiti wa chombo cha maji, nikaenda naye. Ingeshindikana, ningemhusisha afisa ustawi wa jamii, na ningemwambia baba usoni kwamba nafanya hivyo na kwa nini. Kwa mtoto anayeumwa na mzazi anamzuia kutibiwa, nisingesubiri hata siku moja. Kinachonisumbua katika kisa hiki ni kwamba nguvu ya mwisho ilitumika kwanza, kwa jambo dogo kuliko yote manne, mbele ya watu, na gharama yake ililipwa na mtoto ambaye hakuwepo kwenye mjadala. Miezi ile kadi yake ilipokuwa na pengo, surua ingekuwa imeingia kata ile, tungekuwa tunaandika mambo mengine.

Tulipoketi na timu ya kata, wengi walikubali kuwa fomu ivunjwe, kila huduma iwe na mstari wake, na mstari wa vanishi utaje kiasi cha floraidi kwa miligramu, kwa kuwa wasomaji wake ni watu wa Meru. Mmoja alipinga: tukitaja floraidi, alisema, tutakataliwa na wengi zaidi. Inawezekana. Kwenye vijiji ambavyo maji yana miligramu 5, naona ni bora tukataliwe vanishi na mzazi tuliyemweleza kuliko tukubaliwe na mzazi asiyejua anachokubali, halafu tumkose kwenye surua.

Lililobaki ni lile aliloanza nalo baba. Pipa moja la bluu halivuki kiangazi na watoto wawili, na mdogo ana miaka kama sita mbele yake ambamo meno yake ya ukubwani yataendelea kujengwa. Nimewaelekeza kituo cha Ngurdoto, ambako kwa miaka mingi wamekuwa wakichuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, waone kama chujio la nyumbani linawafaa kwa bei yao, pamoja na namna ya kubadilisha mkaa unapochoka, maana mkaa uliochoka hauchuji tena na kwa macho hauonekani tofauti. Magadi yameondoka jikoni. Maharage yanalowekwa usiku. Kwa upande wa shule, chombo cha watumia maji kimeandika maombi ya tangi la kuvuna maji ya mvua kwenye paa la madarasa, na baba ameniomba niambatanishe matokeo ya ukaguzi wa meno ya watoto wa darasa la pili, bila majina, umri na hali ya meno tu. Nimeambatanisha.